Ufagio Ndani ya Simu

Asubuhi ile haikuwa na alama yoyote. Kuku walishuka mtini, moshi ukatoka kwenye paa la jiko, na Matirasa alikuwa uani, ameinama, anafagia. Taruvinga alikaa kwenye kigogo chake karibu na zizi, anapaka mafuta kamba za nira. Alimsikia mkewe kabla ya kumwona. Ndivyo alivyomsikia maisha yao yote. Shwaa, shwaa, kisha kimya kidogo anaponyoosha mgongo, kisha tena shwaa.

Kwenye dirisha la jiko simu ikalia. Haukuwa mlio wa mtu anayepiga. Ulikuwa mkwaruzo mfupi, kama nyasi kavu zinazopita juu ya udongo.

"Umeisikia?" Matirasa akasema. "Inanionea wivu. Nikishika ufagio wangu, nayo inataka wake."

"Iache, Chihera."

"Niiache vipi, Baba Kundai, na inasema ni chafu?"

"Imekwambia kwa lugha gani?"

"Ufagio una lugha?"

Akaifuata dirishani. Ndani ya simu ile kulikuwa na kijipicha cha ufagio, cha njano, kimeinama upande. Kila asubuhi akimaliza uwanja alikibonyeza. Hakujua kinafanya nini. Ila hakulelewa kuona ufagio umeegemezwa bure mahali palipo pachafu.

Siku hiyo simu haikutulia baada ya kubonyezwa. Ilijaa maandishi, na chini yake vitufe viwili, kimoja kijivu na kimoja kijani. Akamletea mumewe. Wote wawili hawakujua kusoma. Walitazama maandishi yale kama watu wanavyomtazama ng'ombe wa mtu mwingine aliyeingia zizini.

"Inauliza kitu," Matirasa akasema.

"Umeulizwa wewe. Jibu."

"Kijani ni cha heri."

Akabonyeza. Ufagio ukasimama wima, ukazunguka peke yake, ukafagia kioo kizima toka pembe hadi pembe, halafu ukakaa pembeni. Matirasa akacheka. "Haya. Sasa una akili. Utafagia bila kuambiwa."

Taruvinga hakuupenda mzunguko ule. Akarudi kwenye kamba zake.

Baadaye Matirasa akakaa chini na ungo wa njugu mawe, anachagua mbegu, simu iko gotini, anaiambia maneno. Kuku wakaja kwenye ungo. Taruvinga akainuka, akaokota ufagio uliokuwa karibu, akawafukuza. Nyuma yake mkewe akasema kitu. Yeye aliguna tu, maana alikuwa anamtazama jogoo. Alipogeuka, Matirasa alikwisha kujitwika kikapu, anateremka kwenda bustanini, kule kijitoni.

Jua halijafika kichwani, wanawake wa kisimani walipanda mlima mbio, mikono mitupu, bila ndoo zao.

*

Matirasa alizaliwa Buhera, ukoo wa Mhofu, ule ambao wanawake wake huitwa Chihera, na hakuna mtu pande zile asiyejua kwamba Chihera haambiwi la kufanya. Alipoletwa Hwedza kuwa mke, alitakiwa kufagia uwanja wa wakwe alfajiri, kama maarusi wote. Mama mkwe alipoamka alikuta uwanja umefagiwa, na njia ya kwenda kisimani imefagiwa, na uwanja wa jirani nao umefagiwa. Jirani alikasirika. Akasema ametukanwa. Matirasa akamjibu kwamba hakumtukana mtu, hakuona tu mahali pa kukomea.

Shule hakwenda. Vitu alivitia kichwani. Alijua mbegu ya kila mwaka ilitoka kwa nani, na nani alizaliwa mvua ipi. Lakini katika miaka ya mwisho kichwa kilianza kuvuja. Angeanza kusema jina la mtu, akabaki na mdomo wazi. Hilo lilimtia hofu, naye hakuwa mtu wa hofu. Taruvinga alilijua na hakulitaja.

Ndipo simu ilipokuja. Kundai, binti yao, alikuwa akifanya kazi Joni, mji mkubwa ng'ambo ya mpaka, na Krismasi moja akaituma kwa basi, imefungwa ndani ya blanketi. Ilikuja na vitu vyake humo ndani. Kulikuwa na mpira, na farasi anayekimbia, na kitu cha kutabiri hali ya hewa ya mji ambao hakuna aliyewahi kuusikia. Kulikuwa na ufagio. Na kulikuwa na kijipicha cha kipaza sauti, chekundu, ambacho ukikibonyeza simu inanyamaza na kukusikiliza.

Picha za mjukuu zikawa haziingii. Simu ilisema imejaa. Akaitwa Zvomuya, mtani wa ukoo, mtu wa kuzika watu wao na kuwatukana wakiwa bado hai. Yeye alisoma kidogo.

"Imejaa wageni," Zvomuya akasema. "Ngoja niwatimue." Akabonyeza, akabonyeza. Mpira ukakataa. Farasi akakataa. "Hawatoki hawa. Wamezaliwa nayo."

"Simu yangu, halafu wenyeji ni wao?" Matirasa akauliza.

"Kama wewe, Chihera. Mtani wangu alitaka mke mmoja. Akaletewa mke, na kaka zake watano, na shangazi mwenye sauti ya punda. Aliweza kuwafuta?"

"Wewe nawe umo humo, kwenye mizigo ya kwao. Kijipicha cha mbwa mwizi."

"Zima basi tuone."

Taruvinga alisema viachwe. Vimekuja na chombo, vikae na chombo. Matirasa alisema kitu usichokiomba, na hujui kinakula nini, si kizuri ndani ya nyumba. Walibishana hivyo msimu mzima wa mvua, bila hasira, kama watu wanaobishana juu ya wingu.

Lakini kile chekundu alikipenda. Alikiambia kila kitu. Mbegu hii ya mdogo wangu Raviro, iende upande wa kichuguu. Ng'ombe mwenye baka amepandwa. Mjukuu anaitwa Anopa. Alikiambia, halafu akakisikiliza jioni akipika, na kile kilichovuja kichwani kikarudi. Mara nyingi alisahau kukizima, na ndani ya sauti zake mlikuwamo kuku, na sufuria, na Taruvinga akikohoa. Humo ndimo alimoweka akili yake.

*

Walimzika Matirasa kwa desturi. Wake wa watoto wa ukoo walivaa nguo zake na kumwigiza, mmoja akafagia makaburi yote, akafagia hata viatu vya mchungaji, watu wakacheka huku wanalia. Zvomuya akaliambia jeneza, "Leo umenyamaza, eh? Nani atanitukana?" Halafu akageuka, akachukua koleo.

Raviro, mdogo wake Matirasa, alifunga mlango wa jiko. Jiko la mwanamke na vyombo vyake ni vya watu wa kwao, na siku ya kugawa mali ya marehemu hurudi kwao. Mpaka siku hiyo hakiguswi kitu. Hapafagiwi. Akatandaza khanga juu ya sufuria, juu ya rafu ya udongo, juu ya dirisha. Simu ilikuwa palepale dirishani, kwenye waya wake wa sola. Mtu akaiulizia.

"Kila kitu kibaki alipokiacha," Raviro akasema. Akapindisha kipande cha waya kwenye hasipu ya mlango usifunguliwe, akarudi Buhera.

Asubuhi ya kwanza uwanja ukiwa mtupu, Taruvinga alikaa kwenye kigogo chake. Kamba hakuzigusa. Jua lilipofika juu ya zizi, akasikia ndani ya jiko lililofungwa. Shwaa.

Akainuka kwenye kigogo. Halafu akakumbuka ni simu.

Kesho yake pia, jua likiwa palepale. Shwaa. Na siku iliyofuata. Akahamisha kigogo, akakiweka karibu na mlango. Hakumwambia mtu. Alikaa pale anasubiri, na ufagio uliposikika alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyesalimiwa. Hakufagia uwanja. Majani yalilala. Kitu kimoja tu kilikuwa kinamla, kile alichosema mkewe nyuma yake siku ile, alipokuwa akimtazama jogoo. Alikitafuta usingizini. Alikitafuta akinywa uji. Alipata mguno wake mwenyewe tu.

Akajiambia kimo ndani. Kimo kwenye kile chekundu. Siku ya kugawa itakapofika, atamwomba Raviro amsikilizishe mara moja kabla simu haijaenda Buhera. Hilo tu.

Zvomuya alikuja asubuhi moja na maziwa ya mgando. Akamkuta amekaa mlangoni.

"Mtani, umekuwa mlinzi wa benki?"

Taruvinga akanyanyua kidole. Jua likafika juu ya zizi. Shwaa, ndani ya jiko.

Zvomuya akaweka kikombe chini taratibu. "Nani yumo humo?"

"Simu."

"Simu inafanya nini?"

"Inafagia."

Mzaha ulimtoka Zvomuya usoni. "Inafagia nini, mtani?"

Taruvinga hakuwa amejiuliza hilo. Alitazama mlango. Alitazama waya uliopindishwa.

Zvomuya akapiga simu Joni. Kundai akajibu kati ya kelele za kazi. Wakamweleza, mmoja akimkatiza mwingine, hata akawanyamazisha.

"Baba, nani aliiruhusu ijifagie yenyewe?"

"Mama yako. Kijani."

"Inatupa vitu. Vile vya zamani kwanza, vile visivyofunguliwa siku nyingi. Inadhani ni takataka. Mna nini humo?"

"Sauti ya mama yako."

Kelele za kazi zikafifia; Kundai alikuwa amekimbilia nje.

"Baba," Kundai akasema, "ingia sasa hivi uizime."

Akashika waya wa hasipu. Ulikuwa baridi. Akauona mkono wake ukiwa umeupindua nusu, na Zvomuya amerudi nyuma hatua kadhaa, maana ni mtani na huruhusiwa mambo mengi, ila jiko la Chihera aliyekufa hakuruhusiwa. Mtu anayemwibia mkewe aliyekufa haadhibiwi na watu. Na mama akikasirika huko aliko, hamfuati mumewe. Hufuata watoto. Taruvinga alimfikiria Anopa, ambaye hajawahi kumwona, hata picha yake ilikataa kuingia.

Akauachia waya.

"Mpigie Raviro."

Raviro hakumngoja amalize. "Shemeji, dada yangu udongo wake haujashuka, ninyi mmeshaanza kupekua? Mlitaka sufuria zipi kwanza? Ile kubwa?"

"Si sufuria, shemeji."

"Ni nini basi? Mnataka simu. Wanaume wa Hwedza!"

"Ni sauti yake. Inafagiwa. Kila asubuhi."

Raviro akasema, kwa sauti nyingine, "Usiguse. Nakuja. Lakini mto umejaa, mabasi hayavuki."

"Lini?"

"Maji yakishuka."

*

Kesho yake jua lilifika juu ya zizi. Shwaa. Hakutikisa kichwa tena. Sauti ileile aliyokuwa akiisalimu sasa aliisikia jinsi ilivyo, kitu kinachokula bila meno. Kilikula mbegu. Kilikula ng'ombe mwenye baka. Kilikuwa kinapanda ngazi kutoka chini, kikielekea asubuhi ile ya mwisho, naye amekaa nje ya mlango, mtu mzima na mikono yake.

Siku hiyo aliuzunguka ukuta wa jiko mara nyingi. Upande wa nyuma akasimama. Kile kibao cha sola kilikuwa nje, juu ya paa la banda la kuku. Kibao hakikuwa cha jikoni. Alikinunua mwenyewe, kwa ndama.

Akaleta gunia. Akalitandaza juu ya kibao, akaweka mawe.

Simu haikuzimika siku hiyo. Kesho yake ilifagia tena, na keshokutwa, na kila mara Taruvinga alishika magoti yake asisimame. Halafu ikaja asubuhi jua likafika juu ya zizi, likapita, na ndani ya jiko hapakuwa na kitu.

Alikuwa ameinyamazisha. Hakutarajia kwamba kimya kitakuwa vile. Mkewe alikufa mara ya kwanza bustanini mbele ya wanawake. Asubuhi hii hapakuwa na mtu wa kulia naye, na gunia aliliweka yeye.

Zvomuya alikuja na maziwa, akasikiliza, akamtazama. "Umefanya vizuri, mtani."

"Sijui."

"Na ikiwa haitaamka?"

Taruvinga akamimina maziwa.

*

Maji yaliposhuka Raviro alifika na matope hadi magotini. Hakusalimia kwanza. Alikwenda mlangoni, akapiga makofi kwa heshima, akaita jina la ukoo wao, akamwambia dada yake kwamba ni yeye, hajaja kuiba. Kisha akapindua waya.

Vumbi lilikuwa limelala juu ya kila kitu. Nyayo zake zikabaki sakafuni. Hakufagia. Akainua khanga ya dirishani, akaichukua simu kwa mikono miwili, akaitoa nje kama yai.

Taruvinga akaondoa mawe, akaondoa gunia. Walikaa. Waya wa sola ulipenya dirishani, simu iko pajani kwa Raviro, Zvomuya ameshika ya kwake na Kundai ndani yake. Muda mrefu kioo kilibaki cheusi. Sura zao tatu zilikuwa humo.

Ikaamka. Na kitu cha kwanza ilichofanya, kabla ya kuonyesha hata saa, ikasema shwaa.

"Inaanza!" Raviro akapiga kelele. Ufagio ulikuwa umesimama wima katikati ya kioo, unazunguka. "Inafagia! Nifanye nini?"

"Msibonyeze kijani!" Kundai akasema. "Mjomba Zvomuya, soma!"

"Nasoma, nasoma. Hiki... kina herufi ndefu..."

"Kijivu, Mjomba! Kijivu!"

"Shemeji, kijivu," Taruvinga akasema. Raviro akabonyeza kijivu kwa kidole gumba kilichojaa matope, akakikandamiza kama anaua kupe.

Ufagio ukasita. Ukainama upande. Ukarudi pembeni.

"Uondoe kabisa," Raviro akasema akihema. "Utupe."

"Hautoki, mama mdogo. Umezaliwa nayo. Nitawaelekeza tuulaze tu. Lakini simu ikipata bando, hata la kunitumia sauti tu, ikijibadilisha yenyewe, utaamka. Fungueni kile chekundu. Upesi."

Zamani ukikifungua kile chekundu mistari ilishuka kioo kizima, na ukivuta ilizidi kushuka. Raviro akafungua. Kioo kilikuwa cheupe. Juu kabisa, mstari mmoja.

"Ngapi zimebaki?" Kundai akauliza.

Zvomuya ndiye aliyesema. "Moja, mwanangu."

Kundai akaanza kulia kule Joni, na kulia kwake kulikatikakatika kwa sababu ya mtandao.

Taruvinga hakulia. Aliutazama ule mstari mmoja na ule ufagio wa njano uliolala karibu yake, umbali usiofika ukucha. Walikuja katika chombo kimoja, aliyeweka na aliyetupa. Yeye ndiye aliyesema viachwe.

Raviro akamgeukia. "Shemeji. Siku ya kugawa itakwenda kwetu. Hiyo siwezi kuibadilisha, kaka zangu hawatakubali. Na njiani au kwetu, mtoto atatia bando, na huu ufagio utaamka. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Kwa hiyo sikiliza mpaka uishike kichwani. Tutakaa hapa mpaka uishike."

Akabonyeza.

Kwanza ulikuwa upepo. Halafu njugu zikianguka kwenye ungo, moja, mbili, nyingi. Halafu yeye, karibu sana, kama yuko nyuma ya sikio. Raviro akaziba mdomo. Zvomuya akavua kofia. Matirasa alikuwa anasema zile zenye madoa ziwekwe peke yake, zisichanganywe na nyekundu, na ikiwa mvua itachelewa zingoje. Alisema taratibu, kama mtu anayeweka vitu rafuni. Halafu kuku. Halafu hatua za mwanamume anayeburuta mguu wa kushoto, na Taruvinga akaujua mguu wake. Kishindo cha mabawa. Ufagio wa nyasi juu ya udongo, shwaa, mkononi mwa mtu asiyejua kuushika.

Akainama. Sauti ilikuwa na kicheko ndani yake, haikuwa na haraka yoyote.

"Baba Kundai, hebu weka chini huo ufagio. Mimi hapa bado sijamaliza."